Ijumaa Seva Ilipogoma

Asubuhi ile vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeumeza mji wa Tamale. Jua lilining'inia jeupe bila ukali, na watu waliovuka barabara walionekana kama wanaelea. Wunpini Abukari, fundi mitambo wa redio, alipofungua mlango wa kituo alikutana na ukimya. Miaka yote mvumo wa feni za seva ulimpokea kama mvua ya mbali. Mara nyingine, baada ya chakula cha mchana, aliegemea ukuta wa chumba cha seva akasinzia, akaota mito.

"Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo," alisema Yakubu, mtangazaji. "Seva yako imegoma. Na Mma Sanatu ameshafika, yuko kwenye korido."

Mma Sanatu alikuwa mjane wa Issahaku, msimulizi wa hadithi. Kila Ijumaa kituo kilirusha sauti ya marehemu iliyohifadhiwa kwenye seva, na kila Ijumaa mama huyo alikuja kuisikilizia palepale, ingawa redio alikuwa nayo. Nyumbani, alisema, sauti hufika imechoka.

"Nakala nyingine iko wapi?" Yakubu aliuliza.

"Humohumo ndani."

"Basi tumekwisha."

"Ondoka hapa na huo mdomo wako. Niletee brashi."

Wunpini alichomeka taa kwenye soketi, ikawaka. Akabadilisha waya, seva haikujibu. Nyuma yake kulikuwa na visanduku viwili vya kuingizia umeme. Kimoja kilikuwa na kitaa cha kijani, kingine kilikuwa kimezimika na kinanuka kuungua. Akakichomoa hicho, akabonyeza swichi. Feni zikanguruma, mashine ikalia mlio mkali, ikanyamaza. Kioo cha skrini kikabaki cheusi.

Hakuogopa. Alihisi kama anayezama taratibu kwenye maji ya vuguvugu, kama alipokuwa msichana na mjomba wake akimwachia redio mbovu za wakulima azifungue. Alichomoa umeme wote, akafungua mfuniko. Vumbi jekundu lilitanda ndani, laini, juu ya vijumba na vichochoro, kama mji uliolala ukionekana kutoka angani. Alilipangusa polepole, karibu alionee huruma. Akang'oa vijiti vya memori, akawa anavirudisha kimoja kimoja, kila mara akirudisha umeme na kuiwasha seva. Kijiti kimoja tu kiliurudisha ule mlio mkali. Akakiweka kando.

"Mwanangu," Mma Sanatu aliita mlangoni, "mzee wangu ameamka?"

"Anaamka, Mma. Usimharakishe."

Maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, na Yakubu akakimbilia studio ya jirani kurusha kipindi. Kisha, kutoka kwenye spika, Issahaku akakohoa kama kawaida yake, akaanza kusimulia jinsi mbuzi wake alivyoruka ukuta wa chifu.

Wunpini alifumba macho. Kwa kitambo hakujua huyo mzee amekufa au amekaa hapo nyuma yake.

"Mwongo!" Mma Sanatu alisema, machozi yakimtiririka kwa kicheko. "Yule mbuzi alikuwa wangu, na hakuruka ukuta wowote!"

"Mma, mlango wa studio uko wazi, tuko hewani!" Yakubu alinong'ona.

"Vizuri. Wasikie."

Walisikia. Simu zikaanza kuingia, watu wakitaka kujua habari kamili ya mbuzi. Kabla ya Ijumaa iliyofuata Wunpini alikuwa amefunga kisanduku kipya na kunakili hadithi zote kwenye diski ya pili, nje ya seva. Halafu akamwekea Mma Sanatu kiti na maikrofoni. Tangu hapo mume alisimulia, na mke akambishia.