Mizinga Iliyotunzwa

Shule ninayofundisha iko kando ya msitu, mbali na Tabora mjini. Tuliletewa mizinga ya kisasa ili wanafunzi wajifunze ufugaji nyuki. Mkuu wa shule akaifungia stoo, isije ikachafuka kabla ya ukaguzi. Mwaka mzima nikawa nachora mzinga ubaoni, mbele ya watoto ambao baba zao wanarina asali.

Ofisa elimu alipokuja, tuliipanga uwanjani, tukaifuta vumbi. Akaigongagonga kwa kidole.

“Hongereni! Mmeitunza, bado mipya kabisa!”

Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama sasa tunaweza kwenda kuitundika. Mkuu akamkata jicho. Ofisa akacheka.

Nilitaka kumtetea yule binti. Lakini mikono yangu ilikuwa tayari inapiga makofi.