Bibi Harusi wa Yeshambeli Harudi Kwao

Ukitaka kuoa katika vilima vyetu vya Gojam, huku Uhabeshi, kabla hujatafuta kondoo wala mpishi wa pombe ya shayiri, unatafuta mize. Huyo ndiye atakayesimama ubavuni mwako siku ya harusi. Atasukumana na wasichana wanaoziba mlango, atamnyunyizia mama mkwe manukato, kisha atambeba bibi harusi mgongoni hadi kwenye nyumbu wa kupanda, nyayo zake zisiguse udongo. Zamani, wanasema wazee, mize alikwenda na mkuki, maana mabibi harusi walikuwa wakiporwa kule bondeni mchana kweupe. Mkuki umekwisha lakini kiapo kimebaki. Mize anaapa mbele ya baba mtu kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni kaka wa yule binti, kaka kweli, si wa mdomoni. Ataingia nyumbani kwake bila kubisha hodi, na binti akiwa na kilio chochote cha ndoa, atampelekea yeye kwanza kabla ya mtu mwingine.

Mize aliyegombewa kuliko wote alikuwa Yeshambeli. Mabega mapana, mdomo mtamu, hasira hana. Wanandoa wakikorofishana, yeye alifika, akanywa kahawa, akamtania huyu, akamnong'oneza yule, na kabla jua halijapanda walikuwa wanacheka. Watu wakaanza kusema, "Bibi harusi wa Yeshambeli harudi kwao." Lo, maneno hayo yalimwingia! Akienda harusini na shuka lake jeupe begani, ungedhani anayeoa ni yeye. Sifa zilimlewesha kuliko pombe.

Basi Alene, rafiki yake wa kuchunga ng'ombe tangu utotoni, alipokuja kumwambia, "Nimepata mchumba ng'ambo ya bonde, mize ni wewe," Yeshambeli alikubali palepale. Alikubali, ingawa msimu uleule wa kulima alikuwa ameona jambo. Maksai wa Alene alijikwaa shambani, na Alene akampiga kwa fimbo ya plau, akampiga, akampiga, mpaka jicho la yule mnyama likapasuka. Kilichomtisha Yeshambeli si kile kipigo. Ni kwamba Alene hakuwa amekasirika. Alipiga uso wake ukiwa mkavu, kisha akafuta fimbo kwa majani na kuuliza habari za mvua. Yeshambeli alijibu habari za mvua, akaenda zake.

Siku ya harusi wasichana waliziba mlango kama kawaida. "Nyie wapambe wenye harufu ya mbuzi, rudini kwenu!" walipiga kelele. "Huyu mize wenu ana tumbo la kuhani, atapitaje mlangoni?" Yeshambeli akawajibu, "Nipisheni, warembo, la sivyo nitalala hapahapa mnipikie!" Kila mtu akacheka. Kisha Mzee Zeleke, baba wa bibi harusi, akasimama mbele yake.

"Akiumia, nimuulize nani?"

"Niulize mimi."

"Akilia?"

"Niulize mimi. Mimi ni kaka yake."

Akachutama, na binti akapanda mgongoni, amefunikwa gubigubi. Jina lake Yezina. Alikuwa mwepesi, na alikuwa anatetemeka. Njiani kuelekea kwenye nyumbu, sauti ikatoka chini ya lile shuka, "Kaka, huyu mtu ana hasira?"

"Alene? Huyo hata kuku anamwomba radhi kabla ya kumchinja!"

Akamsikia akicheka, akitulia. Mwili wake ukalegea mgongoni kwa kuamini. Yeshambeli naye aliliona lile jicho la maksai mbele yake, akalipangusa kichwani kama mtu anayefukuza nzi.

Mara ya kwanza Yezina alikuja kwake wakati wa mvua, mdomo umevimba. Yeshambeli akachukua shuka lake, akamrudisha, akamtania Alene hadi Alene akacheka na kuchinja kondoo. Yakaisha. Mara ya pili mkono ulikuwa hauinuki. Akamrudisha tena. Safari hii Alene hakucheka, ila alimkaribisha vizuri mno, akammiminia pombe mwenyewe, huku Yezina akipika mkate wa injera kwa mkono mmoja.

Tewabe, mke wa Yeshambeli, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Unamrudishia nini?"

"Ndiyo kazi ya mize, kupatanisha."

"Kazi ya mize ni kumlinda. Wewe unalinda jina lako."

"Nyamaza, mwanamke. Hujui mambo ya watu."

"Najua kwamba safari ijayo haji kwa miguu," alisema Tewabe, akaendelea kuchambua dengu. Yeshambeli alinuna siku ile nzima, kwa sababu alijua kuwa ni kweli.

Mara ya mwisho Yezina hakuja kushtaki. Alikuja na kahawa mbichi, akaikaanga mwenyewe, akamtengea Yeshambeli kikombe. Shingoni alikuwa amejifunga kitambaa, na jua lilikuwa kali. Walizungumza habari za shayiri na za mama yake. Halafu akauliza, bila kumtazama, "Kaka, nikienda kwa baba moja kwa moja, watu watasemaje juu yako?"

Hapo ndipo angeweza kusema lolote. Angesema, potelea mbali. Angesema, twende sasa hivi. Yeshambeli alizungusha kikombe mkononi, akacheka kidogo. "Watasema nimeshindwa, dada yangu. Watasema Yeshambeli kazeeka."

"Basi," alisema Yezina. Akaosha vikombe, akaondoka peke yake. Hakuhitaji tena kurudishwa.

Tangu hapo Yeshambeli hakuwa na raha. Asubuhi alikuwa akisimama uani na kutazama mlima wa pili, kwenye nyumba ya Alene, mpaka auone moshi wa jikoni, ndipo aende shambani. Moshi ukionekana, Yezina yupo, amesimama, anapika.

Ikafika sikukuu ya Mariamu. Siku hiyo kwetu hakuna anayegusa plau, hata mlevi, hata mwendawazimu. Yeshambeli alitoka uani na kutazama. Moshi hakuna. Akangoja. Moshi hakuna. Halafu, chini ya ile nyumba, akaona jozi ya maksai wakienda taratibu shambani na mtu nyuma yao. Alene alikuwa analima. Analima siku ya Mariamu!

Alikimbia. Aliteremka kijito na kupanda mlima bila kujua anapokanyaga, huku akisema kwa sauti, "Mama Mariamu, nakuomba, nakuomba." Aliingia ndani bila hodi, kama alivyoapa.

Yezina alikuwa sakafuni karibu na meko baridi. Macho yalikuwa wazi. Mguu wake mmoja ulikuwa umelala vibaya, mahali pasipo na goti ulikuwa umekunjika. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Yeshambeli alilia, mtu mzima yule, kisha akamfunika shuka lake jeupe, akageuka, akachutama.

"Panda, dada yangu."

Hakupanda. Ilibidi amvute mwenyewe, taratibu, na hakulia hata mguu ulipoguswa. Alikuwa mwepesi kuliko siku ya harusi.

Uani Alene alikuwa amekwisha kufika, fimbo ya plau mkononi, uso mkavu. "Mize, unampeleka wapi mke wangu?"

"Kwa aliyenikabidhi."

"Wewe?" Alene akatabasamu. "Bibi harusi wa Yeshambeli harudi kwao. Si ndivyo wasemavyo? Kesho utakuwa kichekesho cha vilima vyote."

Yeshambeli alimpita karibu mno hata mabega yakagusana. Alisubiri pigo mgongoni, akakumbuka aliyeko mgongoni ni nani, akageuka, akatembea kinyumenyume hadi nje ya ua, kifua chake kikiielekea ile fimbo. Alene hakuwafuata. Alirudi kulima.

Bonde lile ni refu. Yeshambeli alivuka kijito maji yakimfika magotini, akapanda, akasema njia nzima: nisamehe, nilijua, nilijua tangu lile jicho la maksai, nisamehe. Mgongoni pumzi ilimgusa shingo, basi.

Kwa Mzee Zeleke hakukuwa na wasichana wa kuziba mlango. Mzee alikuwa ametoka kanisani, amekaa kizingitini na kikombe mkononi. Aliona mize anakuja na mtu mgongoni, amefunikwa gubigubi, kama siku ile. Kikombe kikamponyoka. Alilifunua shuka, akaona uso, akaona mguu.

"Mwanangu, nani kakufanya hivi?"

Yeshambeli akachutama amshushe kizingitini. Aliyejibu ni Yezina, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Muulize kaka yangu," alisema, na mzee akainua macho.