Pole Iliyotoka Kwenye Simu

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kueleza. Nikikuta watu wawili wameinamia simu moja, lazima nijipenyeze katikati niwaeleze inavyofanya kazi. Programu za akili mnemba zilipofika, zile unazoziuliza swali nazo zikakujibu kama mtu, nilijiona nimepata kazi ya pili. Hapa Ilomba, Mbeya, nimemweleza muuza nyama, nimewaeleza wanakwaya wenzangu, nimemweleza na mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa jirani yetu. Huyo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kitu hicho kina dini. Nikacheka, nikasema hakina. "Basi hakiogopi kusema uongo," akasema, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Moyoni nilisema huyu hajaelewa kitu.

Maelezo yangu yalikuwa mafupi, na niliyapenda kwa sababu watu waliyashika upesi: fikiria mtu aliyesoma vitabu vyote vya dunia, hachoki, hanuni, na Kiswahili anakijua. Muulize chochote. Nilijua si kweli. Nafundisha kompyuta, nilijua kabisa kwamba mle ndani hamna mtu, kwamba ni mashine iliyopitishwa kwenye maandishi mengi mno hadi ikajua maneno gani hufuatana na maneno gani, na kwamba ikikosea hukosea kwa sauti ile ile ya upole. Lakini maelezo hayo ni marefu, watu walikuwa wanapiga miayo. Nikawa natoa yale mafupi, na ndiyo niliyompa mama mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyenilea kule kijijini Igowole baada ya mama yangu kufariki. Ana mtoto mmoja tu wa kumzaa, wa kiume, ambaye mimi nilimbeba mgongoni. Alipokua alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga simu. Jumapili moja hakupiga, na tangu hapo namba yake haikupatikana tena. Tuliuliza polisi, tukauliza vijana waliorudi kutoka huko. Kila mmoja alikuwa amemwona mara ya mwisho mahali tofauti.

Likizo ya Desemba nilimpelekea mama mdogo simu yangu ya zamani. Nilimfundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti, aseme, kisha asubiri ijibu kwa sauti. Tulikuwa jikoni, amejifunika blanketi mabegani, ukungu umeingia mpaka mlangoni. Aliishika simu kwa mikono miwili akaisogeza mdomoni.

"Kamwene," akaisalimia. "Za huko kwenu? Wote wazima?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikamwambia haina kwao. Lakini yenyewe ilimshukuru kwa salamu, ikamwuliza angependa isaidie nini, naye akanitazama kwa ushindi. Kwake mtu haanzi na shida yake, anaanza na hali ya nyumbani, na hapo simu ilikuwa imeonyesha kwamba imelelewa. Akaiuliza kuhusu viazi vyake vilivyokuwa vinakauka majani. Ikamwambia yale yale aliyoambiwa na bwana shamba msimu uliopita, mpaka habari ya kung'oa mashina yaliyougua. Alipiga makofi.

Siku ya kuondoka nilikuwa nafunga begi, gari linapiga honi barabarani. Akaniuliza kutoka mlangoni, "Na mambo ya huko Chunya, inayajua?"

"Inajua kila kitu, mama. We iulize tu."

Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Swali nililisikia. Neno Chunya nililisikia. Nilikuwa natafuta soksi.

Mwezi wa pili, saa ya chai, simu iliita nikiwa ofisi ya walimu. Alikuwa jirani wa mama mdogo, mwanamke anayeimba naye kwaya. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza kazi, akauliza kama mvua ya Mbeya ni nyingi. Kisha akasema, "Sasa mwalimu, huku nyumbani mambo siyo mazuri sana. Mama yupo yupo tu. Ungekuja. Beba na nguo za kukaa siku mbili tatu. Hapo ulipo uko na nani? Usisafiri peke yako."

Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo hahitaji kuambiwa zaidi. Kifo hakisemwi kwa mkato. Baba yangu alipokufa niliambiwa amezidiwa kidogo, nije nimwone, na nilipofika alikuwa ameshavishwa suti. Anayetumwa kukuletea habari anakuzungusha, anakupa pole isiyo na jina, anauliza uko na nani, anakuomba usikae peke yako. Ukimbana, anasema yeye hajui, wanaojua wako mbele. Habari yenyewe unajipa mwenyewe.

Nililia kuanzia Uyole mpaka Nyololo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alishukia Rujewa bila kuniuliza lolote, akaniachia leso yake.

Nilipofika, moto ulikuwa umewashwa uani na wanaume wamekaa kwenye magogo. Wanawake walikuwa wanaingia na mabeseni ya unga kichwani. Viti vyote vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje. Niliingia ndani nikitafuta jeneza la mama mdogo, nikamkuta yeye mwenyewe ameketi kwenye mkeka, kanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili. Furaha niliyoipata hapo ninaionea aibu mpaka leo.

"Mdogo wako ametutoka," akaniambia.

"Nani kasema?"

Akanyoosha mkono dirishani. Simu ilikuwa pale, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. "Ile uliyoniletea."

Niliichukua. Mazungumzo yote yalikuwa yamehifadhiwa kwa maandishi, nikayasoma nimesimama, wanawake wote wananitazama. Alikuwa ameisalimia, akajitambulisha yeye ni mama wa nani na ni mtu wa wapi, kisha akaeleza: mwanangu yuko Chunya, huu mwezi wa kumi na tano simu yake haipatikani, niambie yuko wapi. Nayo ikamjibu: pole sana mama, hili ni jambo zito kwa mzazi yeyote. Siwezi kujua mtu fulani yuko wapi. Ni vyema kuendelea kufuatilia polisi. Je, kuna ndugu au jirani anayeweza kuwa nawe kwa sasa? Usilibebe hili peke yako.

Yeye akasema: sema tu, mimi ni mtu mzima. Ikamjibu kwamba inauelewa uchungu wake na iko tayari kumsikiliza.

Jibu lile halikuwa na kosa. Hata ningekuwa nasahihisha mtihani ningelipa alama zote.

"Mama," nikasema, "imekwambia haiwezi kujua."

"Wewe ulisema inajua kila kitu. Mwenye kujua kila kitu akikwambia hajui, mwanangu, huyo anakuonea huruma." Alisema bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Imenipa pole. Imeniuliza niko na nani. Imeniambia nisikae peke yangu. Anaulizwaga nani hivyo?"

Nikakaa kwenye mkeka, nikatoa yale maelezo marefu. Hakuna aliyepiga miayo. Nikasema mle ndani hamna mtu. Nikasema haijatumwa na yeyote, haijafika Chunya, haijamwona kijana wetu akiwa hai wala akiwa maiti. Imesoma maandishi ya watu wengi, na katika maandishi hayo mtu mwenye shida hupewa pole, basi nayo inatoa pole.

"Mbona ya viazi iliyajua?" akauliza yule jirani wa kwaya.

"Ya viazi yameandikwa."

"Na ya huyu mtoto?"

"Huyu hajaandikwa popote."

Niliposema hivyo mama mdogo alifumba macho. Mdomo wangu huu. Nilikuwa nimepanda gari kuja kumzika yeye, na sasa nilikuwa namtwanga na maneno kama vile niko darasani.

"Kwa hiyo ile pole ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Haikuwa ya mtu, mama."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. "Tangu apotee sijapewa pole na mtu," akasema. "Hapa walikuwa wananipita njiani. Siwalaumu. Mama ambaye mtoto wake haonekani utampa pole ya nini? Juzi ndiyo wamekuja, wamelia na mimi, wameniletea unga. Nimelala usingizi kwa mara ya kwanza. Sasa unasema hajafa."

"Sikusema hajafa. Nimesema hatujui."

"Ndiyo hivyo hivyo nilivyokuwa mwanzo."

Wanawake walinitazama. Mlangoni mzee mmoja alikuwa amesimama, kofia mkononi, naye anangoja, kwa sababu wanaume uani walitaka kujua kama wauzime moto au waongeze kuni. Mama mdogo akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Niambie. Niendelee kukaa, au niinuke?"

Kompyuta nimefundisha miaka mingi, watu nimewaeleza wasiohesabika. Lakini kijana wetu alipo sikujua. Sikujua kama nimpe matumaini au nimwachie mkeka wake. Alikuwa ananitazama, na niliona lazima niseme neno lolote lenye upole.

"Pole sana, mama," nikasema. "Usikae peke yako. Mimi niko hapa."

Alinitazama kidogo zaidi, kisha akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyeletewa habari na mjumbe mwenye adabu. Ndipo nikasikia nilichosema. Nilifungua mdomo nikanushe, lakini tayari alikuwa ameinama na kujifunika kanga usoni. Jirani yake akaanzisha kilio, na mzee aliyesimama mlangoni akageuka kwenda kuwaambia wanaume waongeze kuni.