Mbio za Ngowa na Mitungi Asiyoibeba

Kengele inasikika kabla ya mtu kuonekana. Ni saa moja ya asubuhi, umande haujakauka kwenye mihogo iliyo kando ya barabara ya vumbi ya Junju, na wanaoijua kengele hiyo wanapisha mapema. Anapita Ngowa Kambi. Nyuma yake, kwenye keria ya baiskeli nyeusi ya chuma, amefunga mitungi minne ya pombe ya mnazi kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Miwili huku, miwili huku, imetokeza kama masikio ya punda.

"Shikamoo mama!" anamwamkia bibi mmoja anayefagia uwanja, bila kupunguza mwendo.

"Marahaba mwanangu! Usitumwagie riziki!"

Hasimami. Mnazi wa asubuhi hauna subira. Unazidi kuchachuka kadiri jua linavyopanda, na wateja wa Mtwapa wanautaka ungali mtamu. Midomo ya mitungi imezibwa kwa makumbi ya nazi, si kwa vifuniko, ili povu lipate pa kupumulia. Akifunga breki ghafla linammwagikia mgongoni, na harufu yake haimtoki hata akioga mara mbili.

Pikipiki inataka kumpita. Ngowa anajitenga pembeni na kuacha nafasi inayotosha kupitisha ng'ombe.

"Mtungi ukiguswa tu, tumelala chini sote wawili," anaeleza baadaye, akijipangusa jasho kwa kofia. "Kwa hivyo mimi barabarani simkaribii mtu, na sitaki mtu anikaribie."

Tabia hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mkewe na watoto wao wanne. Ndiyo pia inayomtesa kila Jumamosi.

Kwani Ngowa, mwenye umri wa miaka 47, amerudi kwenye mashindano ya baiskeli aliyoyaacha zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Siku za kazi anabeba mnazi; siku njema humbakishia kama shilingi mia nane, na siku mbaya humbakishia maumivu ya kiuno. Ikifika Jumamosi huvaa suruali ya kubana, ile ambayo mamake mzazi amekataa katakata kuitazama, akapanda baiskeli nyembamba ya kuazima na kwenda kushindana na watu ambao angeweza kuwazaa.

"Mwanzo walinicheka, wakaniita babu," anasema. "Tulipopanda kilima cha kwanza, waliokuwa wakicheka walikuwa nyuma yangu, na pumzi ya kuchekea hawana."

Ng'ombe hazeeki maini. Lakini mbio za barabarani haziendeshwi kwa miguu peke yake, na hapo ndipo penye kidonda. Joram Odera, fundi wa baiskeli mjini Kilifi, alishindana pamoja na Ngowa enzi za ujana wao, na ndiye aliyemwazima baiskeli.

"Adui wetu ni upepo," anasema Odera. "Ukikaa nyuma ya mwenzako, karibu kabisa, yeye anakukatia upepo na wewe unapumzika. Halafu mnabadilishana. Sasa huyu mwenehu, huyu ndugu yetu, hataki! Anakaa kando peke yake kama mtu aliyekula kitunguu. Anaendesha kana kwamba mitungi bado iko."

Ngowa alikuwa na sababu, na kila alipoulizwa aliitaja bila kusita. Sababu yenyewe ni mkewe, Pamela, ambaye majirani humwita Mama Nyevu.

Pamela anaikumbuka siku aliyoletewa mume akiwa amefungwa mkono kifuani. Ngowa alikuwa kijana, anakimbiza baiskeli katikati ya kundi karibu na Ngerenya, gurudumu likagusa gurudumu. Akavunjika mtulinga. Nyevu, binti yao wa kwanza, alikuwa hajaanza hata kutambaa.

"Yeye akalala, mimi nikaenda kuponda kokoto," anasema Pamela, bila kuzungusha maneno. "Mtoto nimemlaza kwenye kivuli cha gunia, nyundo mkononi, mchana kutwa. Mfupa ukaunga vibaya, ikabidi uvunjwe upya. Karibu mwaka mzima hivyo. Watu wanasema ni mchezo. Mchezo wa nani? Mimi sikucheza."

Baiskeli ya mbio ikauzwa. Bega lilipopona, Ngowa akaingia kwenye uchukuzi wa mnazi, na habari za mashindano hazikuzungumzwa tena nyumbani mwao.

Mwaka jana Odera alimkuta Mtwapa akishusha mitungi, akamwambia kuwa klabu yao inatafuta wakongwe wa kushindana katika kundi la waliopita miaka arobaini, ambalo hukimbia pamoja na vijana. Ngowa anasema hakupata usingizi kwa furaha. Pamela naye hakuupata, kwa hasira. Kulipokucha akatoa sharti lake: akimbie, lakini kundini asiingie. Akianguka tena, baiskeli ya watu itarudi kwa mwenyewe na mambo hayo yatakuwa yamekwisha.

Ngowa akakubali, na matokeo yake yakawa yale yale ambayo mtu yeyote wa baiskeli angeyatabiri. Katika mashindano mawili aliachwa mbali kiasi cha kuokotwa na pikapu inayofuata nyuma kukusanya walioshindwa kwenda na wakati.

"Kubebwa nyuma ya pikapu mbele za watu, umekaa na baiskeli yako kama mbuzi anayepelekwa mnadani!" anasema akitikisa kichwa. "Niliona aibu, ndugu yangu, sikufichi."

Klabu ina nafasi chache, na kanuni yake haina huruma: anayebebwa mara ya tatu anampisha mwingine. Kwa hivyo mbio za Malindi hadi Kilifi zilipowadia mwezi uliopita, Ngowa alikuwa kati ya mawili. Akiendesha peke yake, nafasi imekwenda. Akiingia kundini, amelivunja neno alilompa mwanamke aliyempondea kokoto.

Alimweleza Pamela kanuni hiyo ya klabu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Basi nitakuja nijionee."

Ndivyo Pamela alivyojikuta Malindi, mtaa wa Barani, ameketi mbele kwenye ile pikapu kando ya Odera aliyekuwa dereva siku hiyo. Mwandishi huyu alikaa nyuma, kati ya magurudumu ya akiba, na kidirisha cha nyuma kilikuwa wazi, hivyo kila neno lilisikika.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma usoni mwa wakimbiaji. Hadi Gede Ngowa alijikaza, yuko nao lakini hayuko nao, amejiweka ukingoni mwa lami. Baada ya njia panda ya Dabaso, msitu ukiwa upande wa kulia, akaanza kuachwa.

"Mbona wale wanakanyaga polepole na bado wanamwacha?" Pamela aliuliza.

"Shemeji, hebu toa mkono nje ya dirisha," Odera alimwambia.

Akautoa. Upepo ukausukuma nyuma kwa nguvu. Odera akamwambia sasa aufiche nyuma ya kioo cha pembeni, na mkono ukatulia. Pamela alirudia, nje na ndani, nje na ndani.

Karibu na Matsangoni, Ngowa alikuwa amechoka mno na baiskeli imeanza kuyumba. Gurudumu la mbele likateleza kutoka kwenye lami likaingia kwenye changarawe. Lori lililokuwa likija likapiga honi. Alipepesuka huku na huku, akajiweka sawa na kurudi barabarani kwa bahati tu.

"Yesu wangu!" Pamela alipiga kelele. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe hata peke yake anaweza kuanguka."

Alimwamuru Odera asogeze gari. Akatoa nusu ya mwili dirishani, leso ikipepea.

"Baba Nyevu! Nenda kwa wenzako!"

Ngowa aligeuka, jasho limejaa machoni. "Ati?"

"Nimekufungulia! Ingia nyuma yao!"

Mbele yake kulikuwa na waendeshaji wanne walioachwa na kundi kubwa, wakisaidiana kwa zamu. Ngowa akasimama juu ya pedali. Lo! Hapo ndipo tulipoona miguu ya mbeba mnazi ilivyo. Aliukata ule mwanya kama mtu aliyeitwa chakulani, na ndani ya pikapu Odera alikuwa akipiga usukani kwa kiganja na kucheka.

Akawafikia. Lakini hakuingia. Alibaki urefu wa baiskeli nzima nyuma yao, na hatua nzima kando, upepo wote ukiwa wake. Mmoja wao, Gitau wa Watamu, alimpungia mkono amwite. Ngowa alisogea kidogo, akarudi pembeni. Akasogea tena, akarudi.

"Karibia basi, mwanamume wewe!" Pamela alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Wale wanne walizidi kwenda. Tulipofika Tezo, pikapu ilisimama kando yake.

Ngowa alipakia baiskeli mwenyewe, akaketi karibu yangu akiangalia kule tulikotoka. Baada ya mwendo kidogo akazungumza, na hakuwa akizungumza nami. Alikuwa akimwambia mkewe kupitia kile kidirisha.

"Mama Nyevu, sharti lako halikuwa na kosa. Mimi nilijificha nyuma yake. Leo umenifungulia na mwili umekataa. Naogopa. Tangu siku ile ya Ngerenya naogopa, na kila mtu nimekuwa nikimwambia ni wewe."

Tuliingia Kilifi. Gari liliposimama ndipo Pamela alipogeuka.

"Mbona hukusema?"

"Ungeniambia niache."

"Ningekwambia uache," Pamela alikubali.

Klabu haikumfukuza moja kwa moja. Odera aliwaomba viongozi wamtazame mara moja zaidi, kwenye mazoezi ya mwisho wa mwezi huu. Akiweza kukaa kundini, nafasi inabaki yake na Desemba atashindana tena kutoka Malindi. Asipoweza, atapewa mwingine na hakutakuwa na kuomba tena. Ngowa anasema hana haja ya kikombe. Anataka avuke mstari wa Kilifi akiwa juu ya baiskeli, katikati ya watu.

Kilichobaki kilipangwa na Pamela, na tulialikwa tukishuhudie.

Ni Jumapili baada ya ibada, barabara ya Junju haina magari. Odera yuko juu ya baiskeli ya keria. Juu ya keria ameketi Pamela, ameipa barabara ya mbele mgongo, leso ameikaza, miguu ameikunja. Ngowa anawafuata kwa baiskeli ya mbio. Pamela amemnyooshea mkono.

"Shemeji, kile chakula ulichokula kwenye harusi ya juzi kilikuwa kingi," Odera anahema.

"Wewe kanyaga!"

Ngowa anakaribia, anafunga breki, anabaki nyuma. Anakaribia tena, anakwepea pembeni. Shati lake limelowa utafikiri amebeba shehena ya siku mbili.

"Nitakugonga," anasema.

"Utanigonga, tutaanguka, tutaamka. Si niko hapa?"

"Pamela..."

"Usiangalie gurudumu. Niangalie mimi."

Anamwangalia. Baiskeli inaacha kuyumba. Mwanya unapungua, gurudumu lake la mbele sasa liko pale pale ubavuni mwa lile la nyuma la Odera, na Ngowa anaondoa mkono mmoja kwenye usukani, anaunyoosha, vidole vyake vinafika kwenye vya mkewe. Mara moja tu. Anashtuka na kurudi nyuma, akicheka kwa sauti, machozi yanamtoka.

"Nimegusa! Odera, nimegusa!"

Pamela hacheki. Mkono wake haujashuka.

"Nimeona," anasema. "Sasa njoo ushike."