Nguvu Zangu Mbele ya Baba Mukwe

Hii habari inanionyesha mujinga. Mucheke tu, mi mwenyewe nimeicheka mpaka nimechoka.

Wanafunzi wa uganga walifika hapa Kasongo kupima nguvu ya vijana wenye hawana ugonjwa. Tangu lini mutu anaenda hospitali kwa sababu iko muzima? Lakini nilienda mbio. Mi ndiye ninasukumaka kinga, baiskeli yangu, toka Wamaza, gunia mbili za mupunga juu yake, milima yote. Na juma ile nilikuwa nimetuma wajomba wakaniombee binti moja, jibu haijatoka. Nikasema, baba yake akisikia nguvu yangu, atakubali.

Ninaingia, ninakuta mwenye kuandika matokeo ni ule baba. Ni muganga wa kituo ingine, siku ile walimuita asaidie.

Kwetu, baba mukwe haumuangalie ndani ya macho, haumunyooshee mukono, na haurukeruke mbele yake kama mbuzi. Nikachuchumaa, nikapiga makofi pole pole kumusalimia.

"Simama, mutoto," akasema. "Finya hii chuma."

Chuma ile iko na sindano. Ukifinya, inaonyesha nguvu. Lazima unyooshe mukono mbele. Na mbele kulikuwa yeye. Nikapeleka mukono nyuma ya mugongo, nikageuza uso kwa ukuta, nikafinya na heshima yote. Sindano ikatingizika kidogo, ikarudi kulala.

Mama moja mwenye alileta mutoto kwa chanjo akaomba ajaribu, mutoto kwa mugongo. Akanipita.

"Kaka, kwenu wanakulisha nini?" akaniuliza.

Baba mukwe akaandika.

Ikabaki kuruka. Wanakupaka unga nyeusi ya makala ya jiko kwa vidole, unagusa ukuta ukisimama, kisha unaruka, unagusa tena. Alama yangu ya kusimama ilikuwa juu vizuri. Sasa baba mukwe akasogea karibu, aone. Nikaruka nikiinama, mukono moja imeshika suruali kubwa yenye niliazima kwa kaka yangu, isianguke. Alama ya pili ikatokea chini ya ile ya kwanza.

Wanafunzi wakapima ukuta mara mbili.

"Sijaonaka mutu anaruka anashuka," moja akasema. "Tuandike nini?"

"Muandike vile mumeona," baba mukwe akajibu.

Nikatoka nikijua ndoa imekwisha. Nilikuwa njiani, ninajifanya kuangalia mataili ya kinga, wakati alinifikia. Akasimama pembeni, naye akiangalia mataili.

"Mutoto, kuko kijana mwengine alituma wajomba kwangu. Leo alifinya ile chuma akiniangalia ndani ya macho, sindano ikafika mwisho. Ule nimemukataa. Lakini karatasi yako pia inaniogopesha. Kesho uende ukalime shamba yangu ya muhogo. Mi nitabakia nyumbani, ili upate nguvu."