Kandili la Bwana Harusi

Siku hizo Maskati yote ilikuwa ndani ya ukuta, na lango lilikuwa na amri zake. Baada ya isha ngoma hupigwa ngomeni, lango likafungwa, na atembeaye tangu hapo lazima ashike kandili. Mimi nilikuwa nakaa Matrah, mgeni kutoka Unguja, na mke niliyeozeshwa mwaka ule wa 1969 alikuwa kwao, humo ndani ya ukuta. Hatukupata kuonana hata siku moja. Ndoa ilifungwa alasiri msikitini, na jioni ile ile nikaletewa habari kwamba bibi harusi kaapa: mtu asiyemjua sura hamfungulii mlango. Wakubwa wakacheka. Mimi sikucheka.

Mjomba wangu, msimamizi wa harusi, akashikilia desturi ya kwetu. Bwana harusi huingia nyumbani kwa mke baada ya isha, kavaa joho, kafukizwa udi, hana haraka. Udi huo ndio uliotuchelewesha. Tulipita langoni ngoma inalia, mbao zikafungwa nyuma yetu, na askari akauliza liko wapi kandili.

Mjomba akatoa tochi yake mpya kwa maringo, akammulika askari usoni. Yakhe, nusura tulale mahabusi! Askari akatueleza kwa Kiarabu, taratibu, kwamba tochi humwonyesha mwenzako na kukuficha wewe, na amri inataka ajulikane anayekuja. Kisha akanionea huruma, akanipa kandili lake. Lilikuwa moja tu, basi wenzangu wote wakabaki naye barazani.

Nikaenda peke yangu, bila kasida, bila ndugu, joho linazoa vumbi, kandili nimeliinua usawa wa uso kama nilivyoamriwa. Nilijiona kichekesho, na hasira za mjomba nazisikia mpaka huku. Nilipofika sikuwahi kupiga hodi. Mlango ulifunguliwa.

Mwaka wa pili yake amri iliondoshwa, na siku hizi Maskati inawaka taa kila pembe. Mjomba, mpaka anazeeka, alisema askari yule aliniharibia harusi. Mke wangu alikuwa akimmiminia kahawa, na jibu lake lilikuwa lile lile kila mara:

"Mjomba, mie nilikuwa dirishani. Angekuja na tochi yako, angelala barazani na nyie."