Karatasi Chini ya Nguo za Idi

Mimi ndiye niliyemfungia wifi yangu mzigo. Kaka alikuwa na miezi michache tu ya ndoa pale jicho lake la kulia lilipoingia ukungu katikati, kisha la kushoto, na kabla ya mwaka kwisha akawa haoni uso wa mtu. Nyumbani kwetu Gando hatukutafuta mbali. Alikuwa mzima, akaoa, akapofuka. Basi ni mkewe. Nilizikunja kanga zake kwa mikono yangu, nikamsindikiza hadi kwenye gari la kwao Kiuyu akiwa na mimba ya miezi mitano, nikarudi najiona mwanamke wa maana.

Mwaka jana mwanangu wa kiume, kijana wa miaka kumi na tisa, akaniambia haoni vizuri katikati. Hana mke. Nilikosa wa kumlaumu.

Daktari wa macho Dar es Salaam alisikiliza habari za kaka, akasema kuna kipimo cha vinasaba. Njia ni mbili: kwanza zitafutwe kwenye damu zile kasoro chache zinazojulikana zaidi, zisipoonekana, visomwe vinasaba vyote ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Njia ya kwanza ikatosha. Majibu yalipokuja akanieleza taratibu kwamba ugonjwa huu hupita kwa mama. Mwanamume anaweza kupofuka, lakini hawarithishi wanawe. Mama yetu aliturithisha sisi, na mimi nimewapa wanangu wote, ingawa wanawake wengi huwa nao na macho yao yakabaki salama.

"Na mtoto wa kaka?" nikauliza.

Akasema huyo hana hata haja ya kupimwa.

Nikaiweka karatasi kabatini, chini ya nguo za Idi. Nina mabinti wawili wakubwa. Nilijua watu wakisikia kwamba upofu unashuka kwa wanawake wa nyumba yetu, hatapiga hodi mposaji yeyote.

Kwetu posa haikamiliki kabla watu hawajaulizana, na ukoo unaoulizwa kwanza ni wa baba. Kwa hiyo miezi miwili baadaye mabibi wawili wa upande wa mposaji, kutoka Konde, walikuja kwangu mimi, shangazi mtu, kuuliza habari za binti ya kaka, yule aliyezaliwa Kiuyu.

"Utusamehe, Bi Mkubwa," alisema mmoja wao. "Yale macho ya babake, msichana hanayo?"

Neno moja lingetosha. Nikajitia hamnazo.

"Mie sijui, bibi. Hayo ni ya Mungu. Labda mkamuulize mamake."

Wakashukuru, wakamaliza chai yao. Posa ikafa.

Aliyenishinda ni kaka. Habari ilipomfikia alikuwa barazani anasuka kamba. "Mwanangu nimemharibia mie," alisema. "Bora nisingezaa." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, na mikono haikusimama. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikaenda kabatini, nikamsomea. Akaiweka kamba chini, akasema, "Nipeleke Kiuyu."

Wifi alitupokea vizuri. Akamwekea kaka kiti, mimi akanitandikia mkeka. Akaisoma karatasi mwenyewe, akarudi juu kuisoma tena.

"Tarehe hii," alisema. "Wale mabibi walipokuja kwako, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliinyoosha mikunjo juu ya paja lake, akanirudishia.

"Basi kawasomee na wao, wifi. Mie nikisema, nani ataniamini?"

Tangu siku ile nimefika Konde mara mbili, karatasi ikiwa mkobani. Nyumba yao naijua, iko karibu na soko. Mara zote mbili nimenunua unga, nikarudi.